Pitisha ukucha kwanza

Kwenye rangi ya gari, dawa ya meno husaidia mikwaruzo ya juujuu tu. Kabla ya kusugua chochote, pitisha ukucha: ukinasa, mkwaruzo umezama, mwachie fundi rangi. Usiponasa, osha gari mchanga wote utoke, liweke kivulini bodi ipoe, ndipo usugue kwa kampaundi na kitambaa laini. Mimi nilijifanya fundi, nikashika msasa wa maji namba 2000 kwenye boneti ya Vitz yangu nyeusi, nikasahau kwamba kliya, lile tabaka angavu juu ya rangi, ni nyembamba kuliko karatasi. Ukingoni ikaisha kabisa, pakabaki baka lililofifia, kubwa kama kiganja. Na nta, jamani, haifuti mkwaruzo. Inauficha tu mpaka mvua mbili tatu zipite.