Umangimeza Unaua Nafasi za Masomo

Kila mwaka nchi rafiki hutoa nafasi za masomo na utafiti kwa Watanzania. China hutoa, Urusi hutoa, India, Algeria na Ujerumani hutoa. Uingereza hutoa kwa mlango wa Jumuiya ya Madola na kwa milango mingine. Nyingi katika nafasi hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zimetokana na makubaliano baina ya serikali na serikali, nazo ni matunda ya urafiki ambao taifa hili limeujenga na mataifa mengine tangu Uhuru, kwa gharama za wananchi. Kwa hiyo ni mali ya umma, sawasawa na kisima au barabara. Lakini hebu tuulizane, ndugu watumishi na ndugu walimu: ni wangapi kati yetu wamewahi kuliona tangazo la nafasi hizo limebandikwa katika ubao wa ofisi ya wilaya kabla tarehe ya mwisho haijapita?

Najua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa kwamba zama za ubao zimepita, kwamba wizara huweka matangazo katika tovuti yake na kila mwenye simu anaweza kuyasoma. Ni kweli, na wizara inastahili sifa kwa hilo. Lakini kusoma tangazo ni hatua ya kwanza tu, tena ndiyo nyepesi. Mtumishi wa umma hawezi kufunga sanduku lake akaenda zake. Ni lazima apate idhini ya mwajiri. Mwalimu huandika barua kwa mkuu wa shule. Mkuu wa shule huipeleka ofisi ya elimu. Kutoka hapo huenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, na njiani hupita masijala, ambako hupewa namba na kutiwa ndani ya jalada, na jalada likaanza safari ya meza hadi meza likikusanya madokezo. Tangazo lina majuma machache ya uhai. Jalada halina haraka.

Mwandishi wa makala haya alifundisha shule ya sekondari kabla ya kuja katika kazi ya uandishi. Katika shule hiyo, iliyoko katika wilaya ya mpunga ambayo sitaitaja, alikuwako mwenzangu aliyefundisha baiolojia. Huyu ndugu alikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi. Wavulana wengi wa kidato cha kwanza walikuwa wakikojoa damu kwa sababu ya kichocho. Walipewa vidonge, wakapona, wakarudi majarubani, wakaugua tena. Yeye akaanza kuokota konokono katika mifereji, kuwahesabu na kuandika katika daftari ni mifereji ipi ina konokono wengi na ni miezi ipi. Hakuna aliyemtuma. Alifanya hivyo kwa muda wa misimu miwili. Kisha akaona tangazo la ufadhili wa masomo ya shahada ya pili pamoja na utafiti katika nchi moja ya Ulaya, na somo lililotajwa lilikuwa lile lile la magonjwa yaenezwayo na viumbe wa majini.

Alijiandaa kama inavyotakiwa. Alisafiri kwa basi usiku kucha kwenda kufanya mtihani wa Kiingereza, ambao ada yake inazidi dola 200 za Kimarekani na ambao hufanyiwa katika miji michache mikubwa tu. Alilipa kwa kukopa. Alifaulu. Akawasilisha barua ya kuomba idhini siku thelathini na tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Barua hiyo ilitiwa saini na kugongwa muhuri siku kumi na moja baada ya tarehe hiyo. Alipofuatilia aliambiwa mara kwamba mkubwa yuko semina, mara kwamba karani wa masijala amefiwa, mara kwamba jalada "liko kwa mzee". Hatimaye lilikutwa chini ya rundo la madai ya likizo. Afisa mmoja, akiwa ameegemea kiti, alimwambia kwa utulivu kabisa: "Kwani Mwalimu una haraka gani? Ulaya haihami."

Ulaya haihami, kweli. Ila cheti cha mtihani ule hudumu miaka miwili tu. Mwaka wa pili afisa aliyelijua jambo lile alihamishwa, na mrithi wake akataka kila kitu kianze upya. Mwaka wa tatu cheti kikafa. Mwenzangu yuko pale pale hadi leo, anafundisha vizuri, lakini daftari la konokono sijaliona tena mezani pake.

Mtindo huu una jina lake. Wazee wetu katika Chama waliuita umangimeza, nao waliupiga vita waziwazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kuwa wajeuri, kudharau watu na kuwaonea. Wengi walipousoma waliwafikiria wakubwa wa magari na majumba. Mimi nasema kipimo chake kimo pia katika droo ya afisa wa ngazi ya kati, ambaye hana gari wala jumba, lakini ana muhuri, na anajua kwamba asipougonga hakuna atakayemwuliza. Tena hapa tutofautishe. Wako wanaolaza majalada kwa uvivu tu. Na wako wanaoyalaza kwa choyo: hao tangazo likiwafikia hulipigia simu shemeji mjini, na barua ya shemeji hupita masijala kama umeme. Wa kwanza anahitaji kusimamiwa. Wa pili anakula mali ya umma, na aitwe hivyo.

Kuna hoja mbili ambazo wakubwa wa ofisi hizi huzitoa, na si haki kuzipita bila kuzijibu.

Ya kwanza ni kwamba walimu hawatoshi. Mwalimu wa sayansi akiondoka, madarasa matatu hubaki yakitazama ubao mtupu, na mzazi hatamlaumu mfadhili wa Ulaya, atamlaumu mkuu wa shule. Hoja hii ni nzito. Nimewahi kubeba vipindi vya mtu aliyekwenda masomoni na ninajua uzito wake. Lakini kama hiyo ndiyo sababu, basi na iandikwe. Mkurugenzi amwandikie mwalimu: mwaka huu hatuwezi kukuachia, mwakani tutakuwa tumepata wa kushika nafasi yako, omba tena. Hilo ni jibu la kiongozi. Mwalimu atasikitika lakini atajua pa kusimama. Kukaa kimya mpaka tarehe ipite ni kukataa bila kuwajibika, na shule haipati mwalimu zaidi kwa kimya hicho. Inabaki na mwalimu yule yule, akiwa amevunjika moyo.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya kizalendo: "Wakienda hawarudi." Hapo hukumbushwa mfano alioutoa Mwalimu Nyerere mwaka 1964, alipowafananisha wenye elimu na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada, asiporudi ni msaliti. Ni mfano wa kweli, na wako Watanzania waliousaliti. Lakini mfano huo tumeuzoea kwa upande mmoja. Tunamwangalia mjumbe asiyerudi, hatumwangalii mtu anayesimama mwisho wa kijiji ameshika mfuko wa chakula, hataki kumpa mjumbe wala hataki kwenda mwenyewe, mpaka chakula kikaoza. Huyo naye njaa ya kijiji iko shingoni mwake.

Na ikiwa hofu ni utoro, dawa zipo. Ufadhili wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza imekuwa ikiutoa tangu 1983, humtaka mhitimu arudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. Wanaokwenda Marekani kwa mpango wa Fulbright nao hubanwa na sharti la miaka miwili nyumbani. Upo pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaomruhusu mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kubaki ameandikishwa katika chuo kikuu cha nchini mwake, akaenda Uingereza kwa muda usiozidi mwaka mmoja kutumia maabara na maktaba. Afisa mwenye uchungu na wasomi wetu angeijua mipango hii na kuwaelekeza walimu wake huko. Nasikitika kusema kwamba wengi wa wanaolia juu ya utoro hawajawahi kusoma hata sharti moja.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 1949 mwalimu mmoja wa shule ya St. Mary's, Tabora, alipata msaada wa masomo akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake, akafundisha Pugu, na mwaka 1954 akawa Rais wa TANU. Serikali ya kikoloni ilikuwa na kila sababu ya kulilaza jalada lile. Halikulazwa. Ni aibu gani kwetu, basi, ikiwa mwalimu wa leo atapata taabu zaidi kwa ndugu yake kuliko yule aliyoipata kwa mgeni?

Huenda msomaji akadhani ninatetea tamaa ya watu ya kupanda ndege. Ninachotetea ni maswali yao. Maswali makubwa ya nchi hii hayazaliwi makao makuu peke yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto yakiganda kuwa aiskrimu kabla ya yale yaliyoachwa yapoe kwanza. Mwalimu wake alimwambia amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne hakucheka; alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo, na wanalibishania kwa jina la Mpemba. Swali lile liliokolewa na mtu mmoja aliyekubali kulipitisha.

Au tumtazame jirani. Wangari Maathai alikwenda Kansas mwaka 1960, katika mpango wa Tom Mboya na wenzake wa kuwapeleka vijana wetu wa Afrika Mashariki kusoma Marekani. Akasoma huko, akafanya utafiti Ujerumani, lakini shahada yake ya uzamivu akaipata Nairobi mwaka 1971. Alikuwa akizunguka mashambani kukusanya kupe kwa utafiti wa ndigana kali, ndipo akaona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo, akatambua kwamba tatizo la ng'ombe ni kubwa kuliko kupe. Mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti. Elimu ya nje ilikutana na macho yaliyojua kijijini pakoje. Mwalimu wangu wa konokono alikuwa na macho hayo. Shemeji wa mjini, mwenye karatasi safi na Kiingereza chepesi, hana.

Nisiwaonee maafisa peke yao. Baadhi yetu waombaji nasi tunastahili bakora. Yuko mwalimu anayeona tangazo siku tatu kabla ya kufungwa, akamwendea mkurugenzi akilia dharura. Yuko anayeazima pendekezo la utafiti la rafiki yake akabadili jina la wilaya, halafu akiulizwa katika usaili kwa nini anataka kulichunguza jambo hilo, anatazama dari. Na wako wahadhiri wetu ambao mwanafunzi wao wa zamani akiomba barua ya kumpendekeza humjibu, "Andika mwenyewe, nitatia saini." Mwenye kusoma barua hizo huko ng'ambo amesoma maelfu, anaijua sauti ya mtu anayejisifu kwa kalamu ya mwingine. Lakini makosa ya mwombaji humwangusha mwombaji. Kosa la masijala huwaangusha hata waliofanya kila kitu sawasawa.

Tunalodai si kubwa wala halihitaji bajeti. Barua ya kuomba idhini ya masomo ikipokewa igongwe muhuri wa tarehe mbele ya mwombaji, na juu ya jalada iandikwe kwa wino mwekundu siku ambayo maombi hayo yanafungwa. Jibu litolewe kwa maandishi ndani ya siku saba, na kama ni la kukataa, liwe na sababu na jina la aliyekataa. Kamati ya Siasa ya Wilaya, ambayo haioni haya kuuliza juu ya madarasa na zahanati, imwulize mkurugenzi kila robo mwaka: barua ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, na zipi zimetoka baada ya tarehe. Ofisi iliyo safi haitaogopa swali hilo.

Katika miaka ya karibuni maombi ya shahada za juu chini ya mpango wa Jumuiya ya Madola nchini Uingereza yamekuwa yakifungwa mwezi wa Oktoba. Mwalimu anayetaka kuwahi hupeleka barua yake Agosti. Afisa anayesoma makala haya na avute droo yake leo, ahesabu zilizomo.