Kabla ya kulipia kifurushi, panda juu uangalie antena

Tarehe 25 Juni 2025, maandamano yakiwa yamechacha, NTV, KTN na Citizen zilipotea hewani kwa watazamaji wa bure. Pengine ulikuwa juu ya paa ukigeuza antena huku mtu akikupigia kelele kutoka chini, "Bado! Bado!" Antena yako haikuwa na makosa. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imeagiza vituo viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, kisha mawimbi yakazimwa. Mahakama Kuu ndiyo ilisimamisha agizo hilo.

Lakini siku zile zingine, mse, shida huwa ni hiyo antena. Na hapo ndipo tunaliwa doo.

Analojia ilizimwa 2015, baada ya vita vilivyoacha stesheni hizo tatu nje ya hewa karibu wiki tatu. Tangu hapo Kenya inatumia mfumo wa DVB-T2, na vituo vingi vya humu nchini ni bure. TV yako ikiwa na DVB-T2 ndani, hata king'amuzi hauhitaji. Ila kwa kila ploti kuna mtu analipia kifurushi kila mwezi ili aone taarifa ya saa moja, ambayo inapita juu ya keja yake bure.

Ukienda dukani utauziwa "antena ya dijitali". Hakuna kitu kama hicho. Chuma hakijui kama mawimbi ni ya dijitali au ya analojia. Runinga yetu iko kwa UHF, megahezi 470 hadi 694, na antena yoyote nzuri ya UHF itaishika. Hata ile ya GOtv iliyoachwa juu ya mabati na mpangaji aliyehama ni ya UHF. Chomeka kebo yake kwa TV yako ujaribu kabla hujanunua nyingine.

Mahali pa kuiweka ndipo penye kazi. Ya ndani ya nyumba, chini ya mabati na katikati ya maghorofa, inahangaika bure. Iweke nje, juu, mbali na nyaya za stima. Ukiwa Nairobi, ielekeze Limuru iliko mitambo, yaani kaskazini magharibi. Vijiti vyake vilale au visimame kama vya jirani anayeona vizuri. Zamani ulikuwa unafuata chenga zikipungua, lakini dijitali haina chenga: picha ni safi, kisha inakatika vipande, kisha giza. Kwa hivyo fungua menyu, uangalie mstari wa ubora, si ule wa nguvu peke yake. Geuza kidogo, ngoja sekunde kadhaa, geuza tena.

Kebo iwe ya omu 75, ile nene ya RG6, bila kuunganishwa kwa selotepu, maana mvua ikiingia pale imekwisha. Busta nayo hukaa karibu na antena. Ukiiweka nyuma ya TV, inakuza uchafu uliookotwa njiani.

Halafu kuna landlodi mwenye antena moja kwa vyumba kumi. Kila kebo inapogawanywa mara mbili, kila upande hupata chini ya nusu ya nguvu. Wa chumba cha kwanza anaona sinema, wa chumba cha tisa anaona giza, na kodi ni ile ile. Mwambieni aweke busta juu, kabla ya kebo kugawanywa, au mchange mweke yenu.

Uchaguzi wa 2027 unakuja, na si kila mtu atakuwa na bando la kutazama matokeo kwa simu. Mawimbi hutoka kwa wasambazaji tofauti: Signet ya KBC, PANG yenye mizizi China, na ADN iliyoanzishwa na wenye NTV, KTN na Citizen. Kwa hivyo siku stesheni zikipotea, kwanza angalia zile za wasambazaji wengine. Zikiwa na ubora ule ule wa jana, na jirani naye amepoteza zile zile, shuka kwa paa. Hiyo si antena.