Maji Moto ya Bogoria: Tusiwe Walinzi wa Hazina Tusiyoijua

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wahenga wetu hawakuijua maabara, lakini msemo huu unazihusu hasa chemchemi zetu za maji moto.

Hapa London tumezoea kusikia Afrika Mashariki ikitajwa kwa simba, fukwe na Kilimanjaro. Ni nadra kuisikia ikitajwa kwa viumbe wake wasioonekana kwa macho. Na hao ndio wanaotafutwa na wenye viwanda.

Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox wa Marekani walionyesha kwamba kuna kundi la viumbe wa seli moja ambao si bakteria. Leo tunawaita arkea. Mmoja wao, Sulfolobus islandicus wa chemchemi za Iceland, hustawi kwenye tindikali yenye joto la nyuzi 80 hivi. Ndani yake imepatikana pete ndogo ya DNA, yaani plasmidi, iitwayo pRN1. Ina herufi 5,350 tu.

Pete hiyo ina mambo. Ili ijirudufishe inahitaji protini iitwayo Rep, ambayo jeni yake imo humo humo ndani ya pete. Protini nyingine, CopG, hushika DNA pale unakili wa jeni unapoanzia, na wataalamu wanaona kazi yake ni kuuzuia usipite kiasi. Nakala zikizidi, mwenyeji huelemewa, na mwenyeji akifa mgeni naye hana pa kukaa. Kumbe hata mgeni huyu anajua kula kwa kiasi!

Yatuhusu nini haya? Anayeelewa jinsi plasmidi inavyodhibitiwa anaweza kuigeuza chombo cha kubebea jeni, na pRN1 imekwisha kufanywa hivyo. Tukitaka kujua thamani ya viumbe wa maji moto, tukumbuke vipimo vya PCR wakati wa Uviko-19. Kimeng'enya kilichoviwezesha vipimo hivyo kuenea asili yake ni bakteria wa chemchemi za Yellowstone, Marekani.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Bogoria, Kenya, lina chemchemi zinazotokota mchana na usiku. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lililalamika hadharani kwamba vijidudu vya maziwa ya magadi vilichukuliwa bila idhini yake, na kwamba kampuni ya Genencor ilifaidika na vimeng'enya vyake. Mzozo ule hatuutolei hukumu hapa. Tunachouliza ni hiki: kwa nini thamani ya vijidudu vile ilijulikana ng'ambo kabla ya kujulikana Nairobi?

Tena wapo wenye ziwa. Waendorois waliondolewa Bogoria miaka ya 1970 ili pafanywe hifadhi. Minority Rights Group, lenye makao yake hapa London, na CEMIRIDE ya Kenya walilifikisha shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 ikatangazwa kuwa wameshinda. Tume ilitaka warudishiwe ardhi, walipwe fidia na wapate mgawo wa mapato.

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka faida igawanywe kwa haki. Lakini leo mwizi hahitaji chupa ya tope. Herufi 5,350 zinaingia katika barua pepe moja, na pete ikaundwa upya maabara. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, unayaomba makampuni yanayotumia taarifa za aina hiyo yachangie, na angalau nusu ya fedha iwafikie wazawa na jamii za mahali. Lakini kuchangia ni hiari. Tangu lini tajiri akalipa kwa hiari deni lisilodaiwa?

Kwa hiyo tunasema mambo mawili. Kwanza, sheria zetu ziifuate jeni hata ikiwa ni maandishi ndani ya kompyuta. Pili, mapatano kama ya KWS na Novozymes ya Denmark ya mwaka 2007, yaliyogusa pia mafunzo na teknolojia, yapimwe kwa idadi ya vijana wetu wanaoweza kuisoma plasmidi wenyewe, wakiwemo watoto wa Waendorois.

Bila hivyo tutabaki walinzi wa lango, na kisu kitabaki mkononi mwa mwingine.