Asiyekumbuka Vizuri Si Mwongo

Sisi wa Kilwa na pwani ya Lindi tumeonja maafa ya maji mara mbili katika miaka ya karibuni: mafuriko ya Januari 2020, na kimbunga Hidaya cha Mei 2024, ambacho mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga. Baada ya maafa huja maswali. Maji yalifika saa ngapi? Nani alikuwa nawe? Aliyenusurika akijibu leo hivi na kesho vile, watu hunong'ona kwamba anadanganya ili apate msaada. Kwa maoni yetu, hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Mtu anapopatwa na hofu kuu, tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo humwaga katika damu vichocheo vinavyoitwa homoni. Adrenalini hutangulia: moyo hudunda, misuli hukaza. Kotisoli hufuata na kufika hadi kwenye ubongo. Jambo lililotisha zaidi hukazwa sana katika kumbukumbu, lakini mpangilio wa mambo huweza kuvurugika. Ndiyo maana mama aweza kukumbuka mlio wa maji na harufu ya tope, asikumbuke ni nani aliyemshika mkono.

Hata kukumbuka kwenyewe huathirika. Mwaka 2000 watafiti wa Zürich, Uswisi, waliwapa watu wazima wenye afya vidonge vya kotisoni. Saa moja baadaye watu hao walikumbuka maneno machache zaidi kati ya yale waliyojifunza jana yake. Basi, anayeulizwa kwa ukali huongezewa hofu, na hofu humpotezea hata kile anachokijua.

Kwa waliojeruhika sana moyoni, utaratibu wenyewe wa kotisoli huweza kubadilika. Tukio la kutisha huwarudia bila kuitwa, usiku au mvua inaponyesha, huku mambo ya kawaida ya maisha yao yakiwa kama ukungu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Yafaa basi sote, jamaa, walimu na viongozi wa vijiji, tuulize kwa upole na faraghani. Tusimkatize mtu, wala tusimlazimishe kusimulia. Akisema hakumbuki, tumwambie: "Si kitu, utatuambia siku nyingine." Usingizi ukikosekana au hofu ikizidi mwezi mmoja, apelekwe zahanati au hospitali.

Tusiseme kazi hii ni ya mabingwa tu. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wasaidizi wasio madaktari, wakifunzwa vema, waliwapunguzia mateso wakimbizi wa Rwanda na Somalia kwa kuwasaidia kusimulia maisha yao kwa mpangilio. Liliwezekana kambini, kwa nini lishindikane vijijini kwetu?