Vito vya Kale vya Almasi Vinunuliwavyo kwa Picha: Tuanze na Dhahabu

Wapo ndugu zetu, hasa vijana wanaojiandaa kuoa, ambao siku hizi hununua pete na vidani vya kale vya almasi kwa njia ya intaneti, kutoka kwa wauzaji walioko London au New York. Kumpa mke pambo zuri hakuna ubaya. Tunalolihoji hapa ni namna biashara hiyo inavyofungwa.

Wengi wanapouliza juu ya vito hivi huuliza habari za almasi. Kwa upande wa riba, almasi haina tatizo, kwani haimo katika vitu sita vilivyotajwa na Mtume (s.a.w.). Tatizo limo katika dhahabu iliyolishika jiwe. Imam Muslim amepokea kwamba Fadhala bin Ubayd (r.a.) alinunua siku ya Khaybar kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokitenganisha akakuta dhahabu yake peke yake imezidi dinari 12. Mtume (s.a.w.) akaagiza kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Ama sarafu zetu za karatasi, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilizipa hukumu za dhahabu na fedha. Basi anayelipa kwa shilingi au pauni halazimiki kulinganisha uzito, kwa kuwa jinsi zimetofautiana, lakini kukabidhiana papo kwa papo hakumwondokei. Mtu aliyelipa leo, na kifurushi kikamfikia baada ya wiki mbili, amekabidhiwa nini?

Tunajua kwamba Ibn al-Qayyim aliliona pambo lililosanifiwa kuwa ni bidhaa kama nguo. Hoja yake si nyepesi, lakini jumhuri ya wanazuoni hawakuipokea, nasi hatupendi mahari ya binti wa watu ijengwe juu ya khitilafu ilhali njia iliyo salama ipo. (Pete ya platinamu tupu, na nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 ni za namna hiyo, haiingii katika mlango huu.)

Kisha lipo suala la kununua kisichoonekana. Madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, katika kauli yenye nguvu hayasihishi kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona. Mahanafi wanaisihisha, na wanampa mnunuzi hiari atakapokiona. Na picha huficha mengi. Almasi iliyokatwa kwa mkono katika karne ya 19 huwa na kilele kirefu na ncha ya chini iliyopunguzwa, hata ukiitazama kwa juu huonekana kama ina kitundu katikati. Leo mawe mapya, yakiwemo yanayotengenezwa maabara, hukatwa kwa umbo hilo hilo, na jiwe jipya huweza kupachikwa katika pete ya kale. Cheti nacho kina mipaka yake: taasisi ya GIA ya Marekani hupima daraja la almasi iliyotolewa katika pambo, na cheti chake hakisemi lolote juu ya umri wa pete. Kwa hiyo muuzaji anayetangaza daraja la jiwe ambalo halijapata kutolewa anakisia tu, na ni wajibu wake kusema hivyo.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2013 humpa anayenunua kwa mfanyabiashara akiwa mbali siku 14 za kurudisha. Anayemuuzia mwenzake pete ya bibi yake haimbani.

Rai yetu ni kutumia wakala. Jamaa zetu wanaoishi katika miji hiyo ni wengi. Mmoja wao apewe fedha, aende dukani pamoja na mjuzi wa vito, aikague pete, alipe na kuipokea katika kikao kimoja. Mkono wa wakala ni mkono wa aliyemtuma, na pete ikishafika mkononi mwake, hata ikichelewa mwezi mzima njiani haidhuru.