Mhandisi na Ulimwengu Wake

Wako wasemao kwamba mhandisi hana haja ya kuulizwa anauonaje ulimwengu. Maadamu hesabu zake ni sahihi na ukuta wake hauanguki, kazi yake imekamilika. Hoja hii husikika hata madarasani mwetu, nayo ni potofu.

Mwaka 1687 Isaac Newton alionyesha kwamba kanuni moja hutawala mwendo wa mwezi na anguko la tunda. Waliomfuata wakaufananisha ulimwengu na saa kubwa, na katika saa kila kipande huthaminiwa kwa kazi kimfanyiayo mwenye saa. Mhandisi aliyelelewa katika taswira hiyo aliuona mto kuwa nguvu iliyokosa mtambo, naye akajiona mtumishi wa aliyemwajiri. Kanuni za wahandisi wa umeme wa Marekani za mwaka 1912 zilitamka hivyo bila haya: wajibu wa kwanza ni maslahi ya mteja au mwajiri. Mwaka 1974 ndipo baraza la wahandisi wa nchi hiyo lilipoweka usalama, afya na ustawi wa umma juu ya yote. Hesabu za nguvu na uzito zilikuwa zile zile. Lililobadilika ni nani ahesabiwe. Na hata hapo aliyeingizwa ni binadamu peke yake.

Sisi tunao ushahidi wetu. Katika milima ya Udzungwa, maporomoko ya mto Kihansi yalirusha manyunyu usiku na mchana, na ndani yake aliishi chura mdogo asiyetaga bali huzaa, asiyepatikana penginepo duniani. Alitambuliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza. Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa, maji mengi yalipitishwa handakini, manyunyu yakakatika. Maradhi ya kuvu nayo yalitajwa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wakifugwa Marekani.

Simlaumu mhandisi kwa kututafutia umeme. Taa ya mwanafunzi nayo ina haki yake. Wala sisemi kwamba wazee wetu hawakukosea. Nao walichoma misitu. Nailaumu elimu iliyompa mhandisi kipimo cha maji, isimpe swali la nani mwingine anaishi kwa maji hayo, ilhali sayansi ya viumbe ya karne ya 20 ilikwisha kuonyesha ulimwengu ufananao na ukoo kuliko saa. Ikabidi mafundi watandaze mabomba bondeni kuyaiga manyunyu, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurejeshwa, abiria wa ndege. Mwalimu wa fizikia afundishaye nguvu ya maji yaangukayo na aanzie Kihansi: megawati zikisha kukokotolewa, awaulize wanafunzi nani alikuwa akiishi chini ya maporomoko.