USIPOZIBA UFA...

Ndugu msomaji, kuna kasumba iliyoota mizizi miongoni mwetu wanafunzi. Tunasema eti Kiswahili ni lugha ya ngano, methali na mashairi. Habari za seli na ioni ziachiwe Kiingereza. Mimi nalikataa wazo hilo katakata. Tena nasema linatudhuru, na ushahidi wangu ni damu.

Nenda uwanjani wakati wa michezo. Mwenzetu akianguka na kuchubuka goti, utaona vituko. Huyu anammwagia mchanga, yule majivu, na wa tatu anakifuta kidonda kila mara akitazama kama damu imekoma. Anayetokwa na damu puani anaambiwa atazame juu. Na hawa wote wamefanya mtihani wa Biolojia wakapita! Jinsi damu inavyoganda walikariri kwa Kiingereza, wakaandika, wakayaacha yote kwenye karatasi.

Hebu basi tuyaeleze kwa lugha tunayoitumia uwanjani humo.

Katika damu mna chembe ndogo bapa ziitwazo chembe sahani. Katika milimita moja ya ujazo zimo kati ya 150,000 na 400,000 hivi. Hazina kiini, na huishi siku 7 hadi 10 tu. Kila moja imezungukwa na utando wenye milango na pampu. Nje ya utando huo ioni za kalsiamu ni nyingi kuliko ndani, karibu mara 10,000. Pampu hazilali: usiku na mchana zinatumia nguvu za seli kuisukuma kalsiamu nje, na nyingine zinaifungia katika ghala lililo humo ndani. Ndiyo maana chembe hutulia, na damu hutiririka mishipani bila kuganda.

Mshipa ukikatika, chembe sahani hugusa nyuzi zilizofichuliwa ukutani mwake. Hapo ghala linafunguka, kisha milango ya utando nayo inafunguka, na kalsiamu inaingia mbio kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula. Chembe inachomoza vijimikono, inamwaga kemikali za kuziita nyenzake, nazo zinashikamana. Isitoshe, kalsiamu hiyo husababisha mafuta fulani ya upande wa ndani wa utando yageukie nje. Juu yake protini za damu hukusanyika na kutengeneza thrombini, na thrombini ndiyo inayoleta nyuzi za kuziba kidonda kama wavu.

Je, haya ni maneno matupu? La hasha! Upo ugonjwa wa nadra uitwao Scott, ulioelezwa mwaka wa 1979. Mgonjwa ana chembe sahani za kutosha, lakini mafuta hayo hayageuki ipasavyo, basi huvuja damu kwa urahisi. Mwaka wa 2010, watafiti walioongozwa na Shigekazu Nagata wa Japani walitambua protini ya utando, TMEM16F, inayohitaji kalsiamu ili mafuta hayo yageuke. Tena mfuko wa kuwekea damu ya msaada hutiwa sitreti, ambayo huzishika ioni za kalsiamu ili damu isigande. Njia hiyo ilitumiwa kwa wagonjwa tangu mwaka wa 1914.

Najua wapo watakaonipinga: "Lakini ioni na thrombini si Kiswahili!" Nami nawauliza, je, shule, meza na kitabu tulivipata wapi? Kiingereza chenyewe kilichota maneno ya sayansi kutoka Kigiriki na Kilatini, na hakuna anayekicheka. Wengine watasema mtihani ni wa Kiingereza. Kweli kabisa, wala sisemi tukitupe. Nasema tuelewe kwanza, ndipo tujibu kwa lugha yoyote tunayoulizwa.

Aliyeelewa hatamwaga mchanga. Atajua kwamba chembe zinahitaji dakika kadhaa za kushikana, na kwamba kila afutapo anabomoa ukuta ambao haujakauka. Atabonyeza kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Anayetokwa na damu puani atamketisha, amwinamishe mbele, na kumbana sehemu laini ya pua kwa muda huohuo. Damu isipokoma, atamkimbiza hospitalini.

Kwa hivyo napendekeza chama chetu kitenge kikao kimoja kila muhula, mwanafunzi mmoja atueleze mada ya sayansi kwa Kiswahili, na mwalimu wa Biolojia awepo kuturekebisha. Hakuna gharama yoyote ila chaki na ubao.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu sisi ni huu ulio kati ya tunayoyakariri darasani na tunayoyatenda uwanjani. Shime wenzangu, tuuzibe!